Barua kwa mwanangu: kiwiko na cherehani

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu, mama yangu,

Sauti yako niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yako, tukacheka pale uliposema baridi ya Liège imekufundisha kuvaa soksi mbili mbili. Mara ya pili na ya tatu nilisikiliza peke yangu, chini ya mwembe, kwa sababu ya lile swali la mwisho. Ulisema kuna bibi mgonjwa unayemhudumia, umemwogesha wiki mbili nzima, mkazoeana hadi kutaniana, halafu asubuhi moja akakushika mkono: "Lakini wewe hasa unatoka wapi?" Ukamwambia. Akauliza, "Na utarudi lini?" Hakuwa na ubaya, ulisema, ndiyo maana ilikuuma. Kisha ukanigeukia mimi: "Papa, wewe umekaa nchi za watu miaka mingi. Ni lini ulijisikia mgeni kwa mara ya kwanza, na ulifanya nini?"

Ningekujibu kwa sauti, ila mimi nikiongea kwenye simu nakuwa kama mtu anayeita kuku. Nimeandika. Mdogo wako ataichapa na kukutumia, na nimemkataza kusahihisha kitu chochote, hata pale atakapoona papa yake amejiaibisha.

Nianze na barabara, maana mimi ni dereva na dereva hajui kuanza pengine. Sisi hapa tunaendesha upande wa kuume. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa, Wazambia wanaendesha kushoto, na ni hivyo hivyo Tanzania, Zimbabwe, mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo kitu cha kwanza nchi ya watu inachokudai ni uhame upande. Hakuna anayekueleza. Unaona tu taa za mtu zinakujia usoni, unajua kwamba mwenye kosa ni wewe. Miaka yote ile, kila nikirudi nyumbani, nilikuwa na kilometa chache za kwanza ambazo sikujiamini, upande wetu wenyewe ukiwa kama wa kuazima.

Nilivuka mara ya kwanza mwaka 1994. Kazi ya gereji kwenye kampuni ya madini ilikuwa imebaki jina, mshahara haukuja tena, na ukija unakuta umeshaliwa na bei. Nilikwenda Kitwe, nikapata gereji nyuma ya soko la Chisokone, ya mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magari ya wachuuzi. Kitwe sina mengi ya kukuambia. Kibemba nilikuwa nacho tangu Kasenga, kwa bibi yako, maana watu wa mto Luapula hawajawahi kuuheshimu sana ule mpaka, ng'ambo moja mjomba na ng'ambo nyingine shangazi. Mgeni kwa Kibemba anaitwa umweni, na umweni ndiye anayepewa kiti. Walinipa kiti. Kitwe sikujisikia mgeni, nilijisikia maskini, na hayo ni mambo mawili.

Dar es Salaam ndiko nilikocheka, na kuchekwa. Kuanzia 2001 nilikuwa nashuka na kamyo, lori la shaba, mpaka bandarini, kama kilometa 2,000 kutoka hapa. Nilijiambia: angalau kule nitasema lugha yangu, si wanasema Kiswahili? Mwanangu! Siku ya kwanza pale Kurasini niliketi kwa mama lishe, koo imekauka, nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, leta mayi." Akaniletea mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi pembeni. Nikayala. Ningefanya nini? Nikarudia, "Mama, mayi ya kunywa." Akamwangalia mwenzake. Mpaka konvoyeri wangu, ambaye wao walimwita utingo, akaonyesha kwa mkono ndoo ilipokuwa. Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Nikaomba bukari, ugali wetu, wakauliza bukari ni mdudu gani. Nikaomba sombe, wakasema aa, kisamvu. Nilikuwa kama mtu aliyekuja na funguo zote mkononi na hakuna inayoingia mlangoni.

Halafu lile la kuamkiana. Vijana walikuwa wanapita, wananiambia "Shikamoo." Sisi huku tunasema jambo, basi. Sikujua kwamba kuna jibu lake. Nikawa najibu "Merci." Wiki nzima, mwanangu, nawajibu watoto wa watu "Merci," na wenyewe wanaona mzee wa Kikongo ana majivuno. Yule mama lishe ndiye aliyenihurumia. Akaniambia, "Baba, unasema marahaba. Na chakula hatusemi leta, tunasema naomba." Nikamuuliza, nitaomba vipi kitu ninachokilipia? Akasema, "Omba tu, kulipa utalipa."

Hilo limenikaa. Mama yako anakuambia kila siku kwamba nilirudi na adabu ambayo sikuondoka nayo.

Wale Watanzania walikuwa na shida moja na mimi. Waliamini kila Mkongomani anajua muziki. Wananiletea nyimbo za Kinshasa, "Baba, hapa anasema nini?" Na mimi unajua Kilingala changu ni kile cha wakati wa Mobutu, cha kusimamishwa na askari usiku. Nikisikia Kilingala mkono wangu wenyewe unatafuta kitambulisho mfukoni. Nikawa natunga. Nimewatafsiria watu wa Kurasini nyimbo nyingi za mapenzi ambazo hata mwimbaji hazijui.

Je, pale nilijisikia mgeni? Nilijisikia mshamba, ndiyo. Ila mtu anayekucheka huku anakusogezea sahani hajakufukuza. Na njia yenyewe nilikuja kuipenda. Ukivuka kutoka Nakonde kuingia Tunduma unapoteza saa moja, hivi hivi, jua liko pale pale na saa yako inasema umechelewa. Baada ya Iringa kuna mlima wanaouita Kitonga. Sisi tunaotoka huku na mzigo tunaushuka. Kitonga kinashukwa kwa gia, breki unaziacha zipumue. Anayeshuka kwa breki utamnusa kabla hujamwona. Chini kule hewa inabadilika, joto linakupiga kama umefungua tanuru, mibuyu kila upande, na pale Ruaha Mbuyuni wanawake wanakimbilia dirisha na vitunguu vya vikapu. Vitunguu vile ndivyo nilivyokuwa naleta nyumbani, vile ulivyokuwa ukisema vinakuliza hata havijakatwa. Kisha mbuga ya Mikumi, unaendesha polepole kwa sababu ya matuta, twiga anakuangalia kwenye kioo kama afisa wa forodha.

Sasa Johannesburg. Najua ulipouliza ulikuwa unafikiria huko, maana ulikuwa msichana mkubwa niliporudi na ulimwona papa yako akiwa na mkoba mmoja.

Niliteremka huko 2006 na kamyo ya tajiri mmoja, ambaye jina lake naliacha. Aliiuza kamyo kule kule na mimi nikabaki kama tairi la akiba. Nikaenda Yeoville, kwa sababu kila Mkongo anayepotea Johannesburg anakwenda Yeoville. Pale Rockey Street kuna soko, unapata sombe, unapata samaki mkavu, unasikia Kiswahili chetu cha kweli, mayi ni mayi. Kazi niliyopata ni kulinda magari. Unavaa fulana ya rangi ya kung'aa, unasimama mbele ya maduka, gari linaingia unalionyesha nafasi, linatoka unapewa sarafu au hupewi. Mwenzangu upande wa pili wa maegesho alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu. Tulikuwa tunahesabu sarafu jioni na yeye ndiye aliyekosea kila siku, alikuwa anasema hesabu ndogo hakufundishwa.

Nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja Mzulu. Gogo, ndivyo unavyomwita bibi kwa lugha yao. Mkali kuhusu maji na umeme, mpole kuhusu kodi. Usiku wa tarehe 11 Mei 2008 watu walianza kupigwa Alexandra, na ndani ya siku chache moto ukawa mitaa mingi. Wageni waliitwa kwerekwere. Ni neno la kuigiza lugha isiyosikika vizuri, kama sisi tunavyosema mtu anabwabwaja. Picha ya mtu wa Msumbiji aliyechomwa akiwa hai ilikuwa magazetini. Waliokufa wiki zile ni 62, na theluthi yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Kuua kukishaanza hakuna anayesoma kitambulisho vizuri.

Gogo aliingia chumbani kwangu jioni moja bila kubisha, akafunga mlango. Akajigusa hapa, kwenye kiwiko. Akasema: "Indololwane." Nikamwangalia. Akasema, "Sema." Akanieleza kwamba huko mitaani wanamsimamisha mtu wanamgusa kiwiko na kumuuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Mgeni anajua kusalimia, anajua bei, anajua kuomba kazi. Nani anajifunza kiwiko? Basi tulikaa pale kitandani, mzee wa miaka arobaini na kitu na bibi wa sabini, ananigusa kiwiko, nasema. Ninakosea, ananipiga kwa kitambaa cha vyombo. Indololwane. Indololwane. Mpaka akatikisa kichwa akasema ulimi wangu ni mzito kama mguu wa ng'ombe, afadhali nisitoke.

Yeoville yetu haikuwaka kama kwingine. Ila siku zile nilijifungia ndani, nikasikia kila pikipiki ni wao, na nikaamua kurudi. Niliweka vitu vyangu uani nivipunguze: kitanda, jiko la umeme, na friji ndogo niliyoinunua kwa sarafu za mwaka mzima. Akaja jirani, kijana wa nyumba ya tatu. Si mtu mbaya. Tulikuwa tunatazama mpira pamoja. Akalizunguka friji, akafungua mlango wake, akafunga, akafungua, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Kisha akataja bei ambayo hata mlango peke yake ungekataa. Nikamwambia, ndugu yangu, hii nimeinunua mara tano ya hapo. Hakubisha. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani utalibeba vipi kwenye basi?"

Mwanangu, nilikaa chini. Yeye akadhani ni kwa sababu ya bei, akaongeza kidogo. Sikuwa naye tena. Maneno yale niliyajua. Niliyajua mpaka na upole wake.

Nitafika huko. Nipe nafasi kidogo.

Nilirudi kwa basi kupitia Beitbridge na Harare. Zimbabwe mwaka ule, ndizi mbili kwa mamilioni, mtu anatoa bunda la noti kama anatoa matofali. Nikafika Lubumbashi, ukanipokea, unakumbuka, ukauliza zawadi iko wapi, nikakupa sarafu za randi ukachezea.

Baadaye nilisafiri tena, ila kama mfanyabiashara, na mfanyabiashara ni mgeni anayekaribishwa mpaka pochi itakapokwisha. Guangzhou nilikwenda mara moja kutafuta spea za magari, kupitia Addis Ababa. Mtaa wa Xiaobei wakati ule ulikuwa umejaa Waafrika, unapanda ngazi unakuta mama wa Kinshasa anapika fufu ghorofani, na madukani hakuna lugha kabisa. Mchina anaandika bei kwenye mashine ya hesabu, anakugeuzia, unafuta, unaandika yako, unamgeuzia. Nusu saa hamjatamka neno, mnaagana kama ndugu. Napenda kuisimulia ile, maana ni mahali pekee ambapo Kiswahili changu hakikuchekwa.

Na Kitwe tena, tarehe 12 Februari 2012. Nilikuwa nimepeleka spea. Usiku ule Zambia ilicheza fainali ya Afrika na Kodivaa kule Libreville, penalti zikaenda mpaka watu wanapiga magoti barabarani. Aliyepiga ile ya mwisho ni Sunzu, na Sunzu wakati ule alikuwa mchezaji wetu, wa Mazembe, timu ya hapa Lubumbashi. Mtu mmoja akapiga kelele kwa Kibemba, "Huyu mzee anatoka Lubumbashi!" Wakaninyanyua. Mimi, na mgongo wangu huu, juu ya mabega ya watu nisiowajua, kiatu kimoja kimeanguka, nimepewa sifa ya penalti ambayo sikuipiga. Sikukipata kile kiatu.

Unaona ninavyozunguka. Kamyo ikiwa na mzigo mbovu dereva anatafuta njia ndefu.

Mwaka 1992 tulikuwa Likasi. Wewe ulikuwa na miaka miwili, hukumbuki. Nyumba yetu na ya fundi cherehani zilitenganishwa na ua wa majani, lupango kwa lupango, kiwanja kwa kiwanja. Watu wake asili yao ni Kasai, jimbo jingine la nchi yetu hii hii. Babake aliletwa kufanya kazi ya madini wakati wa Wabelgiji, kama maelfu ya wengine, na yeye fundi alizaliwa pale pale Likasi wakati bado panaitwa Jadotville. Mimi nilifika Likasi nikiwa na miaka kumi na minne, natoka Kasenga, na tope la Luapula miguuni. Yeye ndiye aliyenionyesha mji. Alinionyesha kisima kizuri, fundi mzuri wa viatu, na polisi wa kuogopa.

Ile miezi ya mwisho ya 1992 siasa iliamua kwamba mimi ni mwenyeji na yeye ni mgeni. Walipewa jina: bilulu. Wadudu. Lilisemwa mikutanoni, likasemwa sokoni, likaingia mpaka kwenye midomo ya watoto wakicheza. Sisi hatukuwa na neno la kiwiko. Jina la mtu na lafudhi yake vilitosha. Nyumba zilivunjwa, watu wakafukuzwa kazini, na wale waliokimbia wakajazana kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai, ambako wengi hawajawahi kukanyaga. Walilala pale juu ya mifuko, chini ya mashuka, wiki na miezi. Watoto walikufa pale kituoni kwa magonjwa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Haya yote ulisoma shuleni au hukusoma, sijui siku hizi wanawafundisha nini.

Mimi sikuvunja nyumba ya mtu. Hilo nilikuwa najiambia kila siku, nalisema kama mtu anayesoma rozari.

Fundi alikuja jioni moja kwenye ua, akaniita kwa jina la utoto. Alikuwa ametoa vitu nje. Kitanda, sufuria, na ile cherehani ya kukanyaga, chuma cheusi, meza ya mbao. Alikuwa ameipangusa mafuta. Nikaizunguka. Nikakanyaga pedali, gurudumu likaenda vizuri, hakuna kelele. Akataja bei, bei ya haki, na kwa zaire, pesa za wakati ule, hata haki ilikuwa mifuko ya noti. Nami nikamwambia, kwa upole, kama ndugu, maana nilijihisi ninamsaidia: "Lakini baba, treni imejaa. Utaibeba vipi?"

Hakujibu. Aliangalia gurudumu lililokuwa bado linazunguka.

Nilimpa mfuko mmoja wa unga wa mahindi. Alikuwa na watoto wanne na njia ndefu, unga ulikuwa na faida kwake kuliko noti. Hayo pia nilijiambia. Nikaivusha cherehani kwa puspus, mkokoteni wa kusukuma, kabla ya giza kuingia vizuri. Asubuhi ule ua wa majani ulikuwa na tundu pale tulipopita, na sikuuziba. Wao walikuwa wameondoka. Kituoni sikwenda kuwaaga. Nilisikia kelele za treni siku kadhaa baadaye, sijui kama ilikuwa yao.

Mama yako hakuigusa. Miezi minane imesimama sebuleni na shuka juu yake kama maiti. Tulipohamia hapa Lubumbashi tulikuja nayo, na ulipoanza shule hukuwa na sare, na franga hazikuwepo. Akatoa shuka, akatia uzi, akashona huku amenipa mgongo. Sare zako zote unazozijua zimetoka pale. Shela la dada yako pia.

Sasa swali lako. Ni lini nilijisikia mgeni mara ya kwanza? Uani Yeoville, mwezi wa tano 2008, mbele ya friji, niliposikia sauti yangu ikitoka mdomoni mwa kijana wa watu. Na nilifanya nini? Nilimuuzia. Kwa bei yake. Nilimwambia asante, na akanisaidia kubeba mkoba mpaka kwenye teksi, jambo ambalo mimi Likasi sikulifanya.

Nimemtafuta fundi. Kila dereva niliyemjua anayekwenda Mbuji-Mayi, kule Kasai, nilimpa jina. Johannesburg pia niliuliza Wakasai, wako wengi. Mmoja aliniuliza namtafutia nini, nikasema nina deni lake. Akasema deni la kiasi gani? Nikashindwa kutaja.

Kuhusu yule bibi yako wa Liège sina ushauri mkubwa. Akikuuliza tena utarudi lini, muulize yeye maji ni ya moto kiasi gani, umwogeshe. Na kama ana lugha ya kikwao, wale wazee wa huko wana lugha yao kabla ya Kifaransa, mwambie akufundishe kiwiko kinaitwaje. Nakutania. Lakini muulize.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukuonyesha. Saraka ya kushoto ya cherehani, ile inayokwama mvua zikianza, ukiitoa yote na kuigeuza, chini yake ubao umejaa maandishi ya penseli. Ni vipimo vya wateja wake. Kiuno, bega, urefu. Mwandiko mdogo, umelala upande. Ukiwa mtoto uliwahi kuniuliza nani amechafua hapa, nikakuambia ni fundi, nikarudisha saraka. Juzi baada ya swali lako niliitoa tena, nikavaa miwani. Karibu na pembe kuna mstari mmoja: "Mtoto wa jirani, kifua 52, urefu 45." Ni gauni lako la ubatizo. Aliishona yeye, na nadhani hata hakudai.

Mama yako anakusalimu. Anasema mkanda wa ngozi wa lile gurudumu umekatika, hapa mjini wanauza vya plastiki vinavyoteleza. Ukiuona huko kwenye duka la vitu vya zamani, tuletee, urefu ni kama mita moja na nusu, tutaukata wenyewe. Ukija Desemba saraka itakuwa imebana, ila tutaitoa wawili.

Ni mimi, Papa yako